Shughuli za nje ya darasa kwenye maombi ya udaktari, kwa anayetokea Dodoma

Unayeomba udaktari kwenye vyuo vya hapa Tanzania kama UDOM au MUHAS baada ya kidato cha sita, haya hayakuhusu: huko wanaangalia ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Baolojia, na kwaya haiongezi pointi. Ni ya kijana anayemalizia shahada ya kwanza Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya digrii, na ambaye likizo huzitumia nyumbani. Maombi ya vyuo vingi vya huko vinavyotoa MD, yaani shahada ya udaktari, hupitia AMCAS, mfumo mmoja wa maombi wa mtandaoni. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo unachokitaka kinapokea wasio raia. Vingi havipokei.

Fomu ina nafasi 15 za shughuli. Kila moja ina jina, aina, mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, jumla ya saa, mahali, mtu wa kuthibitisha, na maelezo yasiyozidi herufi 700, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Unachagua 3 zilizokugusa zaidi, na hizo zinaongezewa herufi 1,325 kila moja. Si lazima ujaze zote 15. Tisa zenye uzito zinatosha. Ukianza kuweka semina ya siku moja, msomaji anajua umeishiwa.

Ya sekondari yaache, isipokuwa uliyoendelea nayo. JKT baada ya kidato cha sita inaweza kuingia. Inaweza pia kuingia kazi ya shamba la zabibu la familia, kama kweli ulikuwa unaamka kupogoa. Watu wetu huificha wakidhani ni aibu, kumbe inaeleza kwa nini saa zako za kujitolea ni chache.

Maelezo ndiyo huharibu maombi mengi. Tazama hili:

"Nilikuwa mratibu wa mradi wa afya ya jamii, nikajifunza uongozi na huruma."

Msomaji hajui ulikuwa wapi wala ulifanya nini. Sasa hili:

"Shule ya msingi ya kijijini, wilaya ya Kongwa, ambako ugonjwa wa macho wa trakoma umesumbua watu kwa miaka mingi. Jumanne na Alhamisi niliwasaidia walimu wawili kuwasimamia watoto 60 wa darasa la pili wanawe uso kabla ya vipindi. Maji yalitoka mbali, hivyo tulitengeneza vibuyu chirizi 12, vya kunawia kwa kuvuta kamba, kwa madumu ya lita 5. Wiki ya tatu kamba tano zilikatika. Tukabadilisha katani kwa nailoni."

Neno huruma halimo, lakini utamuona mtu anayerudi wiki ya tatu kufunga kamba. Andika Kiingereza tangu mwanzo, kwa sentensi kamili. Mapambo ya maandishi hupotea ukibandika.

Saa zipigie hesabu kwenye karatasi. Wiki 7 za mwaka wa kwanza, siku 2, saa 3: 42. Wiki 6 za mwaka wa pili: 36. Jumla 78. Safari ya basi kutoka mjini usiihesabu. Vipindi viwili viweke kila kimoja na tarehe zake, maana "2024 hadi 2025" inaonekana kama ulikuwepo mwaka mzima. Tena angalia kalenda: shule za msingi huwa likizo mwezi Juni, kwa hiyo ukiandika "Juni hadi Agosti" mwalimu mkuu akiulizwa atakukana bila kukusudia. Saa unazotarajia kufanya baadaye zina sehemu yake, usizichanganye.

Jambo la hatari zaidi ni la zahanati. Pale watumishi ni wachache, unaweza kuambiwa "njoo uchome sindano hii." Usikubali, na kama lilitokea usilitangaze kama ushujaa: vyuo vya Marekani huona ni kucheza na mgonjwa bila mafunzo. Kumfuata daktari na kutazama kuna aina yake kwenye fomu, tofauti na kujitolea. Gawanya saa, usizihesabu mara mbili. Wagonjwa nao wafiche. Kijijini, "mke wa mwenyekiti mwenye kifua kikuu" ni jina kamili.

Wa kuthibitisha awe mtu anayejibu: mganga mfawidhi, mwalimu mkuu, katibu wa kwaya. Ndugu yako hafai. Mganga mfawidhi mwandike kama mkuu wa zahanati, kwani ukimtafsiri neno kwa neno atageuka mtu wa mizizi na tunguri. Simu ianze na +255, ile sifuri ya mbele uitoe. Akikuandikia barua ya uthibitisho, mwombe mwezi auandike kwa maneno: 05/07 kwetu ni tarehe 5 Julai, Marekani ni Mei 7.

Mfumo hufunguliwa mwezi Mei, na ukishatuma shughuli hazibadilishwi. Kinachoruhusiwa ni mambo machache kama mawasiliano yako na kuongeza vyuo. Kwa hiyo wiki moja kabla ya kutuma mpigie kila mthibitishaji, umsomee saa na miezi uliyoandika. Wengi watasahihisha kitu, hasa miezi.