Kukarabati Sanduku la Mzinga wa Polistireni Lililovunjika
Masanduku ya polistireni (plastiki nyepesi ya povu), yanayopendwa na wafugaji wa nyuki nchini Ufini kwa kuhifadhi joto wakati wa baridi, huvunjika zaidi pembeni, pale patasi inapoingizwa kuyatenganisha. Hamisha nyuki kwanza, kwangua nta, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha acha pakauke kabisa. Gundi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa: yenye asetoni huyeyusha polistireni papo hapo, ilhali ya poliurethani hushika imara, ingawa huumuka, hivyo paka kidogo tu. Kabla ya kukaza sanduku kwa mkanda hadi kesho yake, pima mishazari yake miwili (kona hadi kona ya mkabala), ambayo sharti ilingane, la sivyo fremu zinazobeba masega hazitakaa sawa. Hatimaye kata povu la gundi lililotokeza, upake nje rangi ya maji.