Jinsi ya Kutoa Maoni Kuhusu Wimbo, Uwe wa Zamani au wa Jana

Mtu yeyote aliyepanda bajaji hapa Dodoma kutoka Sabasaba kwenda Nkuhungu anajua kwamba maoni kuhusu nyimbo ni kitu kisichoombwa na kisichokosekana. Dereva akiweka wimbo mpya, mzee aliyekaa nyuma husema kwamba siku hizi hakuna muziki, kuna kelele tu. Akiweka wa miaka ya 1970, kijana aliyebanwa katikati huuliza kama wimbo huo utaisha kabla hawajafika. Wote wawili wametoa maoni, wala hakuna aliyesema lolote kuhusu wimbo wenyewe. Mwongozo huu ni wa yule ambaye si mwanamuziki wala halipwi kwa kuandika, lakini angependa neno lake liwe na mashiko anapolitoa kwa kinyozi, kwa mjomba wake, au katika daftari lake mwenyewe.

Daftari ndilo mahali pa kuanzia. Usikie wimbo, uandike jina lake, siku uliyousikia, mahali ulipokuwa, chombo ulichotumia kuusikiliza na shughuli uliyokuwa ukiifanya. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini nusu ya tunachokiita maoni kuhusu wimbo huwa ni maoni kuhusu mahali. Wimbo uliousikia usiku ndani ya basi la Singida, taa zimezimwa na abiria wamelala, si wimbo uleule ukiusikia saa saba mchana katika soko la Majengo huku upepo wa mwezi wa saba ukikujaza vumbi machoni. Ukishaandika mahali, utaweza baadaye kuondoa sehemu ya mahali na kuona kilichobaki, nacho ndicho cha wimbo.

Chombo kinastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu hudanganya pasipo mtu kujua. Spika ya simu ni ndogo mno kutoa sauti za chini kabisa, kwa hiyo mtu anayesikiliza amapiano ya Afrika Kusini kwenye simu iliyolazwa mezani hawezi kusikia vizuri lile gogo la besi ambalo mtindo wote umesimama juu yake. Anabaki na kinanda na njuga, kisha analalamika kwamba wimbo hauna kitu. Bajaji iliyofungwa spika kubwa chini ya kiti hufanya kinyume chake, maana besi hufunika hata maneno ya mwimbaji. Nyimbo za bendi zetu za zamani hazidhuriki sana na jambo hili, kwa kuwa magitaa na tarumbeta hukaa sauti za katikati, ambazo hata redio ndogo ya betri huzitoa bila shida. Kwa hiyo mzee anayesifu usafi wa nyimbo za zamani akizilinganisha na za sasa kupitia redio hiyohiyo ndogo hajazipa nafasi sawa. Usikilize wimbo mara tatu, katika vyombo vitatu tofauti, kabla ya kusema neno.

Ninasisitiza hili kwa sababu liliwahi kuniaibisha. Nilikuwa nikinyolewa Makole, mashine inanguruma sikioni, wimbo mpya ukapita redioni, nami nikatangaza mbele ya watu sita kwamba mtunzi wake hana kipaji. Wiki mbili baadaye, kwenye sendofu ya binamu yangu pale Area C, wimbo huohuo ulipigwa wakati akina mama wanaingia na zawadi, na kabla sijaukumbuka nilikuwa nimeshasimama na leso mkononi. Kinyozi wangu alikuwa miongoni mwa wageni. Hakusema chochote; alinitazama tu.

Mara ya kwanza ya kusikiliza, usihukumu. Acha wimbo uishe, kisha andika ni wapi ulipoinua kichwa na ni wapi ulipoanza kuwaza mambo mengine. Mara ya pili, chagua kitu kimoja tu na ukifuate kutoka mwanzo hadi mwisho: gitaa la besi, au waitikiaji, au ngoma. Hapo ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu wimbo walioujua kwa miaka ishirini huonyesha gitaa la pili ambalo hawakuwahi kulisikia, likifanya kazi yake kimyakimya nyuma ya lile la solo. Mara ya tatu ni ya maneno.

Hapa ni lazima nikae kidogo kwenye suala la muda, maana ndilo linalozaa ugomvi mkubwa kati ya wapenzi wa nyimbo za zamani na wa nyimbo mpya. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo wengi wanaijua kama Msondo Ngoma; Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza mwaka 1978. Bendi hizi zilipigia watu waliolipa kiingilio na waliokuwa na usiku mzima mbele yao. Wimbo wao kwa kawaida ulikuwa na sehemu mbili: kwanza kisa kinachosimuliwa taratibu, mwimbaji akilalamika juu ya mke, mwajiri au ndugu mwenye tamaa, kisha chemko, pale magitaa yanapochukua uwanja na wachezaji kusahau kisa chenyewe. Mtu anayeukata wimbo kama huo baada ya dakika moja na nusu ni sawa na aliyeondoka harusini kabla bibi harusi hajaingia. Kwa upande mwingine, msanii wa Bongo Fleva wa leo anajua kwamba kidole cha msikilizaji kiko juu ya kioo cha simu, tayari kuruka kwenda wimbo unaofuata, kwa hiyo huweka kiitikio mapema na kumaliza kabla hujachoka. Uliza kila wimbo kama umetimiza ahadi yake, wala usiulaumu kwa kutotimiza ahadi ya mwingine. Hata hivyo, kanuni hii isigeuzwe kuwa kichaka cha kujifichia. Zipo nyimbo za dakika nane ambazo chemko yake ni kurudiarudia tu, na zipo za dakika mbili na nusu zilizokwisha kwa sababu mtunzi aliishiwa.

Kisha litazame neno zilipendwa. Limebeba wakati uliopita ndani yake: ni nyimbo ambazo watu walizipenda, na ambazo kupendwa kwake kumeshathibitishwa. Wimbo mpya haujapata nafasi hiyo. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilirekodi nyimbo nyingi mno katika studio za redio hiyo, na nyingi kati ya hizo hakuna anayezikumbuka leo, hata aliyezicheza. Kilichotufikia ni kile kilichopita katika chekecheo la miaka hamsini. Kwa hiyo anayechukua nyimbo kumi bora za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu na kuzilinganisha na nyimbo kumi zilizotoka Ijumaa iliyopita amepanga mechi isiyo ya haki. Ukitaka kulinganisha kwa uaminifu, tafuta mkusanyiko wa zamani wenye nyimbo usizozijua, uusikilize wote bila kuruka, nyimbo dhaifu pamoja na nzuri, halafu ndipo uulinganishe na nyimbo mpya za wiki moja. Mimi nilipofanya hivyo, za zamani bado zilishinda upande wa magitaa, lakini zilishindwa upande wa sauti za kike, ambazo bendi nyingi za wakati ule hazikuzipa nafasi ya mbele.

Kuhusu maneno, sheria yangu ni moja: yapime kwa siku yalipoimbwa. Remmy Ongala alipoimba «Mambo kwa Soksi» mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwahimiza watu kutumia kondomu wakati ambapo UKIMWI ulikuwa ukizungumzwa kwa minong'ono, lile fumbo la soksi lilikuwa ujasiri. Kijana wa leo anaweza kuliona kama mzaha mwepesi, naye atakuwa amekosea kwa kusahau kalenda. Vivyo hivyo, mzee anayechukizwa na maneno ya wazi ya nyimbo za sasa anaweza kukumbushwa, kwa heshima, kwamba mipasho ya taarabu aliyoicheza ujanani haikuwa sala.

Nitoe mfano mmoja kamili wa namna ya kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli kutoka Kagera alivuma nchi nzima kwa «Maria Salome», aliouimba kwa Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, alitoa «Salome», wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida. Maoni ya haraka yangesema kwamba wa kwanza ni bora kwa sababu ni wa asili, au kwamba wa pili ni bora kwa sababu unachezeka. Katika daftari langu niliandika hivi: «Sielewi Kihaya, kwa hiyo sitasifu ushairi wa Saida, ninachosifu ni jinsi sauti yake inavyokaa juu ya ngoma bila kuhangaika, kana kwamba ana siku nzima. Toleo la Diamond linafanya harakaharaka kile ambacho Saida alikuwa akikichelewesha, nalo linanifurahisha ukumbini na kunichosha nyumbani. Wimbo wa Saida niliusikia kwanza nikiwa mtoto, kwenye redio ya jirani, kwa hiyo upunguziwe alama moja ya mapenzi.» Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiacha. Kumbukumbu si dhambi, lakini itajwe, ili msikilizaji wako ajue ni kiasi gani cha sifa kinatoka kwa mwimbaji na kiasi gani kinatoka utotoni mwako.

Pamoja na kumbukumbu, taja sikio ulilokuja nalo. Aliyekulia vijiji vya Wagogo amezoea sauti nyingi zinazopishana, kila mmoja na njia yake, na akina mama waliobana ngoma za muheme kati ya mapaja. Mwimbaji mmoja peke yake mbele ya mdundo wa kompyuta atamwonekea mpweke. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, na wako watu wa Dodoma mjini waliomsikia kwanza kupitia wageni. Sikio lisilozoea ilimba huona ile mivumo na kelele ndogondogo za vyuma vyake kama kasoro, ilhali mpigaji amezikusudia. Ni kama mlenda: asiyelelewa nao huulizia kwanza mbona unavutika. Kama unataka kulijaribu sikio lako, nenda Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Kigogo, kisha urudi nyumbani usikilize wimbo wowote wa redio siku hiyohiyo. Mimi nilirudi nikaanza kusikia waitikiaji katika nyimbo ambazo nilidhani hazina waitikiaji wa maana.

Ukifika wakati wa kusema, maneno kama «kali», «mbovu» na «haina ladha» si makosa, ila hayatoshi. Kila moja lifuatwe na kidole kinachoonyesha mahali: ubeti wa pili, pale besi inapoingia, pale mwimbaji anapobana pua hadi neno linapotea. Asiyeweza kuonyesha mahali na aongeze kusikiliza.

Namna ya kusema hutegemea unayezungumza naye. Kwa rika lako sema unavyotaka. Kwa mjomba aliyeanza na Mbaraka Mwinshehe, salimia kwanza ipasavyo, kisha mwombe akuchagulie wimbo mmoja na akueleze aliusikia wapi, akimaliza, ndipo useme, «Mjomba, naomba nitofautiane nawe kidogo kwenye ile sehemu ya mwisho.» Nimeona wazee wakikubali kusikiliza singeli, muziki wa kasi wa vijana, hadi mwisho kwa njia hiyo, jambo ambalo ubishi wa miaka mitatu haukuliweza, ingawa mmoja wao aliomba kwanza apewe kiti.

Mwisho, acha nafasi tupu chini ya kila maoni uliyoandika, mistari mitano au sita, na urudi baada ya miezi sita. Usifute ulichosema awali. Andika chini yake tarehe mpya na ulichokisikia sasa. Chini ya wimbo ule wa Makole nina tarehe nne. Ya kwanza inasema «hana kipaji», ya pili inasema «kiitikio kimenishinda», ya tatu inalalamika kwamba ubeti wa pili umeazima sauti ya wa kwanza bila sababu, na ya nne, niliyoiandika juzi mvua ikinyesha juu ya bati, inasema tu kwamba sijausikia vizuri na kwamba nitarudia kesho.