Kabla hujasaini fomu ya gari Mbeya, angalia taa ya ABS

Ndugu zangu wa Uingereza mnaoshukia uwanja wa ndege wa Songwe kwa likizo na kukodi gari kwenda Rungwe au Kyela: leseni, bima na kutuma amana kwa simu mnavijua, sivirudii. Nataka tuongee kuhusu taa moja ndogo kwenye dashibodi.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya njano ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasigande, yaani yasiache kuzunguka, ukikanyaga breki kwa nguvu) inatakiwa iwake, kisha izime yenyewe baada ya muda mfupi au injini ikishawaka. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, usifurahi! Huenda kuna mtu kang'oa balbu au kakata waya ili usijue kwamba ABS imekufa.

Gari nililopewa mimi lilikuwa la namna hiyo. Dashibodi ilikuwa safi, haina taa hata moja ya lawama. Mvua ya Tukuyu ikanikuta kwenye mteremko wa kwenda Kyela, ng'ombe akakatiza, nikakanyaga breki mpaka chini kama nilivyozoea Uingereza. Matairi yakaganda. Nikazungusha usukani kulia, gari likaendelea mbele kama vile sijafanya kitu, likaishia mtaroni. Hakuna aliyeumia, na ng'ombe alikwenda zake. Ila fomu ilisema nimepokea gari "likiwa salama", sahihi yangu chini yake. Amana ikaliwa, na bampa nikalipa juu yake.

Tairi lililoganda haligeuzi gari, linateleza tu. Kazi ya ABS ni kuachia na kubana breki haraka haraka ili tairi liendelee kuzunguka nawe uweze kukwepa. Kama ipo na ni nzima, kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Pedeli ikitetemeka usiachie, elekeza usukani unakotaka kwenda. Kama haipo, kanyaga kwa kipimo, ukihisi matairi yameganda legeza kidogo, kanyaga tena. Mbinu hizi mbili hazifanani, ndiyo maana lazima ujue mapema umepewa gari gani. Narudia: taa iwake, kisha izime. Ipige video mbele ya mwenye gari kabla ya kusaini.

Wenyeji watakucheka. Shemeji yangu aliniambia, "Dada, hizo taa ni mapambo, magari yote ya Japani yako hivyo." Shemeji ni mtu mwema na nampenda, lakini ndiye huyohuyo anayeshuka mlima Kitonga akiwa ameweka nyutro "kuokoa mafuta". Jamani, msimsikilize shemeji! Gari la kisasa likishuka kwenye gia bila kukanyagwa mafuta, injini kwa kawaida hukata mafuta yenyewe. Kwenye nyutro injini haikusaidii kushika gari, mzigo wote unabaki kwenye pedi za breki. Zikipata moto kupita kiasi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yaliyozeeka, ambayo yameshanyonya unyevu, yanaweza kuchemka hadi pedeli ikazama. Kwa hiyo shuka na gia nzito: kwa otomatiki weka 2 au L, kwa haibridi B, na uiweke kabla mteremko haujaanza. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama usimame, breki zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Matairi: kagua kashata (yale meno ya tairi) na mwaka wa kutengenezwa, basi.

Uingereza imetulemaza, niseme ukweli. Gari likishafika miaka 3 hupelekwa ukaguzi kila mwaka, na taa ya ABS yenye hitilafu inatosha kulifelisha. Ukikaa huko muda mrefu unaanza kuamini kwamba karatasi ikisema salama, ni salama. Wazungu wenyewe wanaamini hivyo, wengi hawajawahi hata kufungua boneti. Mwongozo wao wa barabarani unasema kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unahitaji mita 53 kusimama kwenye lami kavu, na kwenye maji umbali wa kuachiana uwe angalau mara mbili. Hesabu hizo zinachukulia gari zima na dereva aliye macho. Rungwe mvua ni ya mara kwa mara, ongeza nafasi zaidi ya hapo, hata kama Kosta ya nyuma inakupigia honi.

Mwenye gari akikataa usipige video, mrudishie funguo kabla hujatuma hata shilingi. Stendi ya Nanenane, hapo Mbeya, kuna magari ya abiria ya Kyela.