Usikimbilie performance, iulize skedula kwanza

Kichujio cha sauti nilichokiandika mwenyewe kilikuwa kinakatakata. Nikafanya wafanyavyo wengi: nikaweka gavana (sehemu ya Linux inayoamua kasi ya prosesa) wa `performance`, anayeiweka kasi kileleni. Sauti ikatulia, lakini feni haikunyamaza tena. Nikamrudisha `schedutil`, gavana anayebadili kasi kwa kufuata mzigo, nikaanza kuchimba.

Anza kwa kujua uko na gavana gani:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`

Ukiona `powersave` na faili jirani `scaling_driver` linasema `intel_pstate`, usishtuke. Hapo jina hilo halimaanishi kasi ya chini kabisa. Ni dereva anayejiamulia. (Jina baya, kwa maoni yangu.) Ukiwa root, andika `passive` ndani ya `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/status`, kisha mchague `schedutil`.

Huyu aliingia Linux 4.7, mwaka 2016, na hupokea habari kutoka kwa skedula yenyewe, sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayopanga kazi ipi iendeshwe lini. Skedula hupima mzigo kwa kipimo cha 0 hadi 1024. Gavana huuzidisha kwa 1.25 ili ibaki nafasi ya kupumua. Prosesa yangu hufika GHz 3.2, kwa hiyo mzigo wa 512 huomba 3.2 × 0.5 × 1.25, yaani GHz 2.

Kichujio changu kilinaswa hapo hapo. Kila milisekunde 20 kinaamka, na kwa kasi kamili kazi yake ni milisekunde 4. Skedula huchanganya kazi na usingizi katika wastani mmoja, ambamo cha milisekunde 32 zilizopita kina uzito nusu ya cha sasa. Ikaona mzigo wa 205 hivi, gavana akatoa GHz 0.8. Kwa kasi hiyo milisekunde 4 zinakuwa 16. Kazi nyingine ikiingilia kidogo tu, sauti imekatika.

Dawa ni kuiambia skedula kwamba kazi hii ni ndogo lakini ina haraka:

`uclampset -m 512 ./kichujio`

Hapo `-m` ni kima cha chini: kazi huhesabiwa kuwa na mzigo usiopungua 512. Amri hii inahitaji kerneli 5.3 au mpya zaidi, iliyojengwa na `CONFIG_UCLAMP_TASK`. Utashauriwa utumie `SCHED_FIFO`, daraja la kazi za wakati halisi zinazotangulia nyingine. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida kazi ya aina hiyo ikiamka, schedutil hupaisha kasi hadi kileleni.

Kisha tazama `scaling_cur_freq`, ambayo husomeka kwa kilohezi. Kichujio kikiwa kazini, kwangu haishuki tena chini ya 1600000 (nusu ya GHz 3.2, kwa kuwa kerneli za karibuni hazikizidishi kima hicho cha chini kwa 1.25), na feni naisikia nikikusanya (compile) programu tu.