Kutoka Jezi hadi Benchi la Taifa: Kwa Mchezaji wa Raga Anayetaka Kuwa Kocha

Kocha wa klabu ana wachezaji wake. Anawaona Jumanne na Alhamisi jioni, anajua nani ana mtihani na nani amenyimwa ruhusa kazini. Kocha wa timu ya taifa huazima. Analetewa watu kutoka klabu za KCB, Kabras, Harlequins, Menengai Oilers na Strathmore Leos, kila mmoja na msamiati wa klabu yake, wengine bado wanachechemea kwa mechi ya Jumamosi, halafu anaambiwa safari ni wiki ijayo. Ukitaka kuvua jezi na siku moja ufundishe Kenya, lielewe hilo kabla ya jingine lolote. Kule juu anatafutwa mtu anayeweza kufundisha jambo likashika upesi, kwa maneno machache, kwa watu ambao si wake.

Nilicheza nambari tisa, yule anayetoa mpira nyuma ya mafowadi, kwenye Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, nikafundisha shule, nikafundisha klabu, kisha nikawa msaidizi katika kikosi cha vijana cha taifa. Haya ndiyo ninayowaambia wachezaji wanaonifuata baada ya mechi pale uwanja wa RFUEA, Ngong Road, Nairobi, kuniuliza waanzie wapi.

Anza ukiwa bado unacheza

Usingoje goti likuamulie. Mchezaji anayestaafu Mei na kuomba kazi ya ukocha Juni hana cha kuonyesha isipokuwa jina, na jina huisha haraka sana kwenye raga. Tafuta shule iliyo karibu na unapoishi au unapofanya kazi, uongee na mwalimu wa michezo, umwombe kipindi kimoja kwa wiki. Usiende kama nyota aliyekuja kupigwa picha. Nenda na koni zako, filimbi yako, na zoezi moja.

Zoezi ninalopendekeza ni wawili dhidi ya mmoja, kwenye kijisanduku cha mita 10 kwa 15. Ni zoezi dogo, lakini raga nzima imo humo. Mwenye mpira anamkimbilia mlinzi, mwenzake yuko pembeni, na swali ni moja tu: nipige pasi au niingie mwenyewe? Kijana atapiga pasi mapema, mlinzi atateleza hadi kwa anayepokea, na shambulizi litafia hapo. Kila mchezaji mzoefu akiona hivyo hupaza sauti: "Subiri! Mvute kwanza!" Hapo unapaswa kunyamaza. Simamisha zoezi, msogelee kijana, umuulize: "Mlinzi alikuwa anaangalia wapi ulipoachilia mpira?" Atasema hajui. Mrudishe. Mara nyingine atakwambia: "Kocha, nyonga zake zilikuwa zimeshageukia kwa mwenzangu." Sasa ameona. Akishaona nyonga za mlinzi hatahitaji sauti yako tena, na siku ya mechi sauti yako haitamfikia hata hivyo.

Wachezaji wengi wazuri hukwama hapa. Mwili wao unajua jambo ambalo midomo yao haijawahi kulisema. Ulipokuwa nambari tisa ulijua ni lini utoe mpira kwenye raki, yaani rundo la wachezaji wanaoupigania mpira ulio chini, ila hujawahi kueleza ulijuaje. Kaa chini uandike. Chukua jambo moja unalolifanya vizuri kuliko wenzako na ulieleze kwa sentensi tatu ambazo mtoto wa kidato cha pili atazielewa. Ukishindwa, bado hujawa tayari kulifundisha, hata kama umelifanya mbele ya maelfu ya watu.

Waliotangulia

Benjamin Ayimba alikuwa nahodha wa Kenya na akacheza Uingereza na Cornish Pirates. Wengi wanamkumbuka kwa Singapore, Aprili 2016, Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, walipoifunga Fiji 30-7 kwenye fainali na kutwaa taji lao la kwanza la mfululizo wa dunia wa raga ya wachezaji saba. Lakini hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuifundisha timu hiyo. Ni yeye aliyeifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai mwaka 2009. Aliondoka, akarudi, na aliporudi alikuwa kocha aliyekomaa. Alifariki Mei 2021, na hadi leo nikitaka kumweleza kijana maana ya kocha aliyewaelewa wachezaji wake, namtaja yeye.

Innocent Simiyu naye alikuwa nahodha. Mwaka 2018 aliipeleka timu fainali mbili mfululizo, Vancouver na Hong Kong, kisha akarudi na kuiongoza kwenye Olimpiki ya Tokyo. Kevin Wambua, mchezaji wa zamani wa Shujaa, alipitia njia ambayo vijana wengi huidharau: aliifundisha timu ya taifa ya wanawake, Lionesses. Alipokabidhiwa Shujaa mwaka 2023, timu ikiwa imeshushwa daraja, walikwenda Harare wakaifunga Afrika Kusini 17-12 na kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Juni 2024, kule Madrid, wakaishinda Ujerumani na kurudi kwenye mfululizo wa dunia. Majirani zetu Uganda walikuwa mabingwa wa Afrika wa raga ya saba mwaka 2022 chini ya Tolbert Onyango, aliyeichezea nchi yake kabla ya kuifundisha.

Kwa hiyo njia ipo. Na ukipewa nafasi na Lionesses, na Chipu wa chini ya miaka 20, au na Morans, kikosi cha pili cha Shujaa, usiihesabu kama kituo cha kungojea gari jingine. Lionesses wamecheza Olimpiki mbili, Rio na Tokyo. Hiyo ni raga ya kiwango cha juu kabisa, inayohitaji kocha aliyeitolea moyo.

Vyeti

Hapa sitakaa sana. World Rugby, shirikisho la raga duniani, wana masomo ya mtandaoni ya bure: sheria za mchezo, maandalizi salama, majeraha ya kichwa. Yamalize yote, kisha uombe kupitia Chama cha Raga cha Kenya kozi ya ana kwa ana ya daraja la kwanza, halafu la pili. Daraja la tatu utalifikiria ukishafundisha kwa muda. Ongeza kozi ya mazoezi ya viungo, kwa sababu klabu nyingi hazina mtaalamu wa hiyo kazi na utajikuta unaifanya wewe.

Somo la majeraha ya kichwa lichukulie kwa uzito kuliko yote. Ulipokuwa mchezaji pengine uliambiwa ujikaze. Ukiwa kocha, mchezaji akigongwa kichwa na ukawa na shaka hata kidogo, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni nahodha, hata kama ni fainali. Hili halina mjadala.

Jifunze video kabla hujaombwa

Timu ya taifa ina benchi dogo, na msaidizi anayejua kuchambua mechi hupata kiti mapema. Huhitaji programu ya bei kubwa kuanza. Weka simu kwenye stendi, juu kabisa ya jukwaa, ili uone uwanja wote na wachezaji wasio na mpira. Jioni hiyo hiyo hesabu vitu vichache: nani alikosa kumwangusha mpinzani na alikosea kwa mguu au kwa bega, raki ngapi mpira ulichelewa kutoka, na mipira ya kuanzisha mchezo mliipata au mliipoteza.

Hiyo ya mwisho, kwenye raga ya saba, ina uzito ambao mashabiki hawauoni. Kwenye raga ya 15, timu iliyofungwa ndiyo inayopiga mpira wa kuanza upya. Kwenye saba ni kinyume: aliyefunga ndiye anayepiga. Maana yake, ukifunga trai, yaani ukiugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, umempa mpinzani mpira, usipoupigania. Nipe wachezaji wawili warefu wanaojua kuruka na mpigaji anayeudondosha mpira mita 10 tu pale anapotaka, na timu yako inaweza kufunga mara tatu mpinzani akiwa hajaugusa mpira. Kocha anayefika kambini na uchambuzi mzuri wa mipira ya kuanzisha, hata kama ni kijana asiyejulikana, atasikilizwa.

Dakika mbili

Mapumziko ya raga ya saba hayazidi dakika mbili. Nenda ukae nyuma ya timu yoyote kwenye mashindano ya saba ya Christie, Prinsloo, Dala au Driftwood, uwasikilize makocha. Wengi huzitumia kulalamika, na wasaidizi watatu wanaongea kwa pamoja.

Mimi huzigawa hivi. Nusu dakika ya kwanza hakuna anayesema kitu; wachezaji wamepoteza pumzi na masikio hayajafunguka. Maji, taulo, daktari anapita. Kisha nahodha anasema alichokiona, kwa sababu yeye alikuwa ndani. Kisha kocha mmoja, mambo mawili, moja la ulinzi na moja la shambulizi, kwa maneno ambayo tayari tumeyatumia mazoezini. "Nje wanakimbia haraka, wa ndani anabaki nyuma. Rudisha mpira ndani." Basi. Usilete wazo jipya muda huo. Zinazobaki ni zao, wakusanyike wenyewe.

Lifanyie mazoezi jambo hili kwenye klabu yako kila wikendi. Kambi nzima ya taifa ni kama dakika mbili zilizorefushwa, na asiyeweza kuchagua mambo mawili hawezi kuchagua kumi.

Marafiki zako

Siku utakayokaa kwenye chumba cha uteuzi, jina la mtu mliyelala naye chumba kimoja kwenye safari litakuwa mezani. Pengine ndiye aliyekuwa msimamizi kwenye harusi yako. Kabla ya kufika hapo, jitoe kwenye makundi ya WhatsApp ya wachezaji na uwaambie kwa nini unatoka. Ukizoea kunywa nao Jumamosi usiku, punguza. Watakuita "kocha" mbele ya wengine na jina lako la utani mkiwa wawili. Pokea yote mawili.

Ukimwacha mtu, mpigie simu wewe mwenyewe kabla orodha haijatoka. Usimtume meneja. Mwambie sababu moja ya kiufundi, iliyo kwenye video, na umwambie akirekebisha nini ataangaliwa tena. Akikasirika, mwache akasirike. Na usimwahidi nafasi ambayo haipo. Nimeona wachezaji wazuri wakiacha raga zaidi kwa ahadi za namna hiyo kuliko kwa kuachwa kwenyewe.

Makocha wa klabu nao wapigie. Kabla ya kambi waulize mchezaji wao ana jeraha gani, amecheza dakika ngapi mwezi huu, anaelewa zaidi akichorewa au akionyeshwa. Baada ya kambi wapigie tena uwaambie umemrudisha akiwa katika hali gani. Kocha wa klabu anayekuamini atakuachia mchezaji wiki ya nusu fainali. Asiyekuamini atakwambia mchezaji anaumwa.

Usiache kazi yako mapema

Ukocha wa klabu, mara nyingi, hulipwa posho tu. Ualimu, benki, biashara, chochote kinacholipa karo ya watoto, kishike. Na kiti cha taifa chenyewe si cha kudumu: kuanzia Mike Friday mwaka 2012 hadi Wambua mwaka 2023, Shujaa wamepita mikononi mwa makocha wasiopungua wanane, wengine Wakenya, wengine wageni. Ongea na mwenzi wako nyumbani kuhusu hilo kabla ya kutuma barua ya maombi.

Ukiitwa kutia saini, uliza na uandikiwe haya: nani ana neno la mwisho kwenye uteuzi, nani anachagua wasaidizi wako, posho za kambi za wachezaji zinatoka tarehe gani, bima ya matibabu inaendelea kwa muda gani mchezaji akiumia akiwa na jezi ya taifa, na notisi ya kuvunja mkataba ni ya muda gani kwa kila upande. Hilo la bima likijibiwa kwa mdomo tu, omba siku mbili za kufikiria, umpelekee wakili karatasi, na usianze kambi mpaka liwe limeandikwa.