Namna ya kulichungulia tumbo la Vesta bila kulipasua

Sokoni mtu hanunui nazi kabla ya kuitikisa sikioni. Asteroidi Vesta, jiwe kubwa linalozunguka Jua, nayo ilitikiswa, na mtikisaji alikuwa Dawn, chombo cha NASA kilichoizunguka tangu Julai 2011 hadi Septemba 2012, kuna wakati kikishuka mpaka kilomita 210 hivi juu ya uso wake. Data zimewekwa bure kwenye Planetary Data System, hazina ya data ya NASA. Mimi nilizichakata kwa laptopu kuukuu na jedwali la kawaida la hesabu, usiku, watoto wakishalala.

Pakua mafaili mawili tu: vigawo vya mvutano (namba zinazoeleza uvutano wa Vesta ulivyo) na modeli ya umbo. Picha zinavutia, lakini ukizianza utakesha bila kukokotoa kitu. Umbo lilipatikana kwa kamera. Mvutano ulipimwa kwa redio ile ile ya mawasiliano: chombo kikipita juu ya sehemu nzito kinavutwa, mwendo unabadilika kidogo, na masafa yanayofika kwenye antena za Duniani yanasogea.

Anza na wastani. GM ya Vesta, yaani tungamo lake mara G, namba isiyobadilika ya mvutano, ni 17.288 km³/s². Igawanye kwa G, ukigeuza vipimo kwanza, upate tungamo la kilo 2.59×10²⁰. Ujazo ni kilomita za ujazo milioni 75 hivi, kwa hiyo msongamano ni kama kilo 3,456 kwa mita ya ujazo. Uso wa Vesta una mawe ya jamii ya basalti, mepesi kuliko hapo. Basi chini kuna kizito.

Sasa nenda kwenye J2, kipimo cha ubapa wa mvutano. Hapa ndipo nilipoumia. Faili lilinipa 0.0318, na umbo nililolichukulia kama ellipsoidi (tufe lililobanwa) ya nusu-mihimili ya kilomita 286, 279 na 223 lilinipa 0.086, kama msongamano ungekuwa sawa kote. Siku mbili nilitafuta kosa kwenye umbo. Kumbe namba ya faili ilikuwa imesanifishwa. Lazima uizidishe kwa kipeuo cha pili cha 5, yaani 2.236, ndipo iwe 0.071. Angalia pia nusu-kipenyo cha rejea: ni kilomita 265, usiweke wastani wa Vesta. Ukimaliza hapo, 0.071 bado iko chini ya 0.086. Ellipsoidi yangu ni ya kukadiria, haijui lile bonde kubwa la Rheasilvia kusini, ila mwelekeo ni huo: uzito umeelemea katikati.

Kisha jaribu kiini. Weka chuma cha kilo 7,400 kwa mita ya ujazo chenye nusu-kipenyo cha kilomita 110, saizi ambayo watafiti wa Dawn walitangaza mwaka 2012. Mwamba uliobaki unatoka 3,139. Badilisha: kiini cha 5,000, kilomita 140. Mwamba unatoka 3,176. Tungamo ni lile lile! Hesabu haikatai hata moja, na hapo wanaoanza hujidanganya kwa kuchagua jibu wanalolipenda. Mimi pia nilichagua la chuma, kwa kuwa linachoreka vizuri.

Ongeza safu ya momenti ya inesha, kipimo cha jinsi uzito ulivyotandazwa kutoka katikati. Tufe lenye msongamano sawa kote lina 0.4 ya MR² (tungamo mara mraba wa nusu-kipenyo). Ukiifanya Vesta tufe, modeli ya kwanza inatoa 0.370 na ya pili 0.377. Tofauti ni ndogo, lakini ipo, na huonekana kwa jinsi mhimili unavyoyumba wakati Vesta ikizunguka mara moja kila saa 5.34. Mwaka 2025 watafiti walirudia redio na picha za Dawn, wakapima mzunguko huo, wakakuta ndani kumelingana kuliko ilivyodhaniwa. Kiini kikubwa cha chuma kikawa mashakani. Safu yangu ya chuma sikuifuta, niliipaka rangi ya njano tu, nikaanza nyingine yenye kiini cha kilomita 60.