Namna ya kufuatilia familia ya Galicia au Volhynia katika rejista za kanisa

Ukiambiwa babu wa fulani "alizaliwa Austria", "alizaliwa Poland" au "alizaliwa Urusi", iache nchi kwanza. Kijiji cha Galicia cha jirani na Lwów (leo Lviv) kilikuwa chini ya taji la Poland hadi 1772, kikachukuliwa na Austria hadi 1918, kikawa cha Poland kati ya vita kuu mbili, kikaingia mikononi mwa Wasovieti Septemba 1939, Wajerumani wakakishika 1941 hadi 1944, Wasovieti wakarudi, na tangu 1991 kiko Ukraine. Daftari unalolitafuta linapatikana kwa mambo matatu tu: jina la kijiji, mapokeo ya kanisa waliloabudu watu wake, na mwaka. Ukikosa moja kati ya hayo, utazunguka makavazi ya nchi mbili bila kupata kitu.

Kijiji kwanza

Familia nyingi hutaja mji mkubwa wa karibu badala ya kijiji. "Tarnopol" inaweza kuwa mji, wilaya yake, au mkoa mzima wa miaka ya kati ya vita kuu mbili. Tafuta hati yoyote yenye jina dogo zaidi: cheti cha ndoa, kitabu cha jeshi, orodha ya abiria wa meli.

Jina likishapatikana, lipeleke kwenye Słownik Geograficzny, kamusi ya kijiografia ya juzuu 15 iliyochapwa Warsaw kati ya 1880 na 1902. Yote imewekwa mtandaoni. Humo utasoma wilaya, idadi ya nyumba, na kilicho muhimu kuliko vyote: parokia. Kifupisho "rz. kat." ni Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini, "gr. kat." ni Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki, "w miejscu" maana yake kanisa liko hapohapo kijijini. Ni kawaida kabisa kukuta Wakatoliki wa Mashariki wana kanisa lao kijijini huku wale wa Kilatini wakisali kijiji cha tatu kutoka hapo. Andika parokia zote mbili.

Majina kama Wola, Dąbrowa na Wólka yamo kwa makumi, kwa hiyo jina bila wilaya halina thamani. Halafu kuna majina yaliyobadilishwa. Stanisławów ni Ivano-Frankivsk tangu 1962. Płoskirów ni Khmelnytskyi tangu 1954. Krystynopol ulikuwa wa Poland hadi 1951, mpaka ulipobadilishwa ukaenda kwa Wasovieti na kuitwa Chervonohrad, na mwaka 2024 ukapewa jina la Sheptytskyi. Unapotafuta kwenye orodha za Kiukreni kumbuka pia kwamba G ya Kipolandi mara nyingi huwa H: Gródek ni Horodok.

Kusoma mstari mmoja wa Galicia

Kwa anayeanza, Galicia, yaani upande uliokuwa wa Austria, ndiyo rahisi, na sifa hiyo ni ya Kaisari Joseph II. Amri yake ya 20 Februari 1784 iliwafanya mapadre kuwa makarani wa serikali: kila kijiji kiwe na daftari lake, safu zilingane kila mahali, lugha iwe Kilatini, na nakala ya pili ipelekwe ofisi ya askofu. Nakala hizo za pili ndizo zinazotuokoa leo, maana vitabu vya parokia vingi viliungua au vilipotea katika vita mbili.

Chukua mstari wa mfano wa ubatizo, uliotungwa hapa ili kuonyesha mpangilio:

*Martius 14 | 37 | Basilius | Catholica | Puer | Legitimi | Joannes Melnyk, agricola | Parascevia, filia Theodori Hnatiw | Michael Kowal et Anna uxor Demetrii Bojko, agricolae*

Ya kwanza ni tarehe, na mwaka huandikwa juu ya ukurasa tu, kwa hiyo ukipiga picha ukurasa mmoja upige na ule wenye mwaka. Ya pili, 37, ni namba ya nyumba. Kisha jina, dini, jinsia, kuzaliwa ndani au nje ya ndoa, baba na kazi yake, mama na baba yake, mwisho wasimamizi wa ubatizo. Safu ya babu upande wa mama haimo katika miaka ya mwanzo. Huanza kujitokeza kadiri karne ya 19 inavyosonga mbele.

Majina yameandikwa Kilatini lakini hakuna aliyeitwa hivyo nyumbani. Basilius ni Wasyl, Joannes ni Iwan akiwa wa mapokeo ya Mashariki na Jan akiwa wa Kilatini, Theodorus ni Fedir, Demetrius ni Dmytro, Parascevia ni Paraska. Adalbertus huwapoteza wengi: ni Wojciech. Ukitafuta kwenye fahirisi za mtandaoni, jaribu sura zote.

Safu ya kazi nayo inasema hali ya mtu. *Kmetho* ni mkulima mwenye shamba kamili, *hortulanus* ana nyumba na kipande kidogo, *inquilinus* hana hata nyumba, anaishi kwa mwenzake. Mtu yuleyule anaweza kuanza *hortulanus* na kufa *inquilinus*. Hapo ujue kuna shamba lililogawanywa au kuuzwa, na inafaa kwenda kwenye rekodi za ardhi.

Mbinu inayozaa matunda kuliko kutafuta jina ni kufuata namba ya nyumba. Chukua nyumba 37, pitia ubatizo, ndoa na vifo vyote vya nyumba hiyo kwa miaka 30, uviandike kwenye jedwali moja. Ndugu wataonekana, mjane aliyeolewa tena ataonekana, na mkwe aliyehamia kwa mke wake ataonekana kwa jina geni kati ya majina yaliyozoeleka. Hii ndiyo njia ya kutenganisha Iwan Melnyk watatu wa kijiji kimoja. Hatari yake ni moja: vijiji vilipewa namba upya zaidi ya mara moja katika karne ya 19. Ukiona familia tano zimehama nyumba mwaka uleule, hawakuhama. Ni namba zilizobadilishwa. Tengeneza orodha ya namba za zamani na mpya kabla ya kuendelea.

Vifo vikiongezeka ghafla, usidhani umesoma vibaya. Kipindupindu kilipiga 1831, kikarudi 1855 na 1873, na katikati yake kulikuwa na njaa na homa ya chawa (tifasi) ya 1847. Nyumba nzima inaweza kufutika katika ukurasa mmoja.

Ndugu waliobatizwa makanisa tofauti

Hapa ndipo utafiti mwingi hukwama. Katika ndoa ya mchanganyiko, wavulana walifuata mapokeo ya baba na wasichana ya mama, desturi iliyothibitishwa na mapatano ya 1863 kati ya maaskofu wa pande mbili. Kwa hiyo ukikuta familia yenye wana wanne na hakuna binti hata mmoja, usiandike kwamba hawakuzaa wasichana. Fungua daftari la kanisa la pili.

Na mapokeo si kabila. Ni kweli kwamba kwa jumla Mkatoliki wa Kilatini alihesabiwa Mpolandi na wa Mashariki Mrusini, yaani Muukraine kwa jina la leo. Lakini walikuwapo maelfu ya Wakatoliki wa Kilatini waliozungumza Kiukreni nyumbani. Rejista inakuambia mtu alibatizwa wapi, haikuambii alijiona nani. Katika nchi ambayo baadaye watu waliuawa na kuhamishwa kwa kigezo cha kabila, usiyachanganye mambo hayo mawili katika maandishi yako.

Kwa familia za Kiyahudi, neno "nje ya ndoa" lichukulie kwa tahadhari kubwa. Wengi walifunga ndoa ya kidini tu bila kuisajili serikalini, na watoto wao wakaandikwa kwa ukoo wa mama ingawa wazazi waliishi pamoja maisha yote. Tafuta chini ya koo zote mbili.

Upande wa Urusi

Ukivuka mpaka wa zamani, kanuni zinabadilika. Katika Ufalme wa Poland uliokuwa chini ya tsar, kumbukumbu ni masimulizi marefu yasiyo na safu: kwa Kipolandi tangu 1808, kwa Kirusi tangu 1868. Yanatisha mwanzoni, lakini maneno hayabadiliki. Ukishajua mahali panapokaa jina la baba, utalipata palepale kila mara.

Volhynia na Podolia zilikuwa ndani ya himaya ya Urusi yenyewe. Vitabu vya Kiorthodoksi ni vya safu, kwa Kirusi. Wakatoliki wa Mashariki huwaoni tena baada ya 1839, kwa sababu mwaka huo kanisa lao lilifutwa na waumini kuingizwa katika Uorthodoksi. Familia haikuondoka, jina la kanisa ndilo lililobadilishwa. Kule Chełm, katika Ufalme wa Poland, jambo hilo lilitokea 1875, na baada ya amri ya uvumilivu ya 1905 wengi wakahamia kwa Wakatoliki wa Kilatini. Ndiyo maana babu anaweza kuwa Mkatoliki wa Mashariki, baba Mworthodoksi na mwana Mkatoliki wa Kilatini, wote katika nyumba moja.

Tarehe za Urusi ni za kalenda ya Julius. Ongeza siku 11 kwa karne ya 18, 12 kwa karne ya 19, 13 kwa karne ya 20. Mtoto wa 20 Desemba 1868 kwa kalenda hiyo alizaliwa 1 Januari 1869 kwa kalenda yetu. Andika tarehe zote mbili. Ukiandika moja, mwaka ujao hutakumbuka ulikuwa umeshabadilisha au bado.

Ardhi na utwana

Utwana ulifutwa Galicia 1848, katika himaya ya Urusi 1861, na katika Ufalme wa Poland 1864. Kwa Galicia una bahati ya kuwa na picha mbili za kabla ya hapo: daftari la ardhi la Joseph la miaka ya 1785 hadi 1788, na la Kaisari Franz la 1819 na 1820. Yote mawili yanataja mwenye shamba pamoja na namba ya nyumba, kwa hiyo yanaungana moja kwa moja na jedwali lako. Kipimo ni morg ya Austria, takriban hekta 0.58.

Kisha zikaja ramani za upimaji kwa kipimo cha 1:2880, ambapo sentimita moja ni mita 28.8 ardhini. Jengo la njano ni la mbao, jekundu ni la mawe au matofali. Onyo: namba iliyoandikwa juu ya jengo ni ya kiwanja. Si namba ya nyumba, na wanaoanza hukosea hapo karibu wote.

Vitabu viko wapi sasa

Makavazi kuu ya kihistoria ya Lviv yana daftari la Joseph katika fungu la 19, la Franz katika fungu la 20, ramani katika fungu la 186, na nakala za Wakatoliki wa Mashariki wa jimbo la Lviv katika fungu la 201. Wapolandi waliohamishwa baada ya mapatano ya Septemba 1944 walibeba sehemu ya vitabu vya Kilatini, na ndiyo sababu vingi viko Warsaw katika makavazi ya AGAD, fungu la 301. Vya Wayahudi viko fungu la 300. Jimbo la Wakatoliki wa Mashariki la Przemyśl litafute katika makavazi ya serikali mjini humo. Volhynia imetawanyika: Zhytomyr, uliokuwa makao makuu ya mkoa wa tsar, kisha Lutsk na Rivne. Podolia ilipata pigo mwaka 2003, jengo la makavazi la Kamianets-Podilskyi liliposhika moto.

Poland hufungua rekodi za kuzaliwa baada ya miaka 100, za ndoa na vifo baada ya 80. Ukraine ni miaka 75. Anza na tovuti ya Szukaj w Archiwach, fahirisi za Geneteka, na FamilySearch kabla ya kulipia lolote. Ukiandika barua Ukraine, andika kwa Kiukreni, taja kijiji, mapokeo, tukio moja na kipindi kisichozidi miaka mitano. Ombi la "kila kitu kuhusu ukoo wangu" hurudi na ankara ya kazi ya siku nyingi au halijibiwi.

Ukianzia Tengeru, Koja au Masindi

Wapolandi waliofika Tanganyika na Uganda kuanzia 1942, kupitia Iran, wakawekwa katika kambi kama hizo, wengi walikuwa wamepelekwa na Wasovieti Siberia na Kazakhstan kutoka mikoa hii ya mashariki. Tafuta jina katika Indeks Represjonowanych, orodha ya waliokandamizwa na Wasovieti, uone mwaka wa kuzaliwa na jina la baba, halafu angalia tarehe ya kuhamishwa. Wimbi la 10 Februari 1940 liliwakumba hasa walowezi na walinzi wa misitu pamoja na familia zao. Walowezi hao, wengi wao askari wa zamani, walipewa ardhi Volhynia na kwingineko mashariki baada ya sheria ya Desemba 1920, lakini wazazi wengi walizaliwa magharibi au kati ya Poland. Ubatizo wa watoto utafute Volhynia. Wa baba utafute kijiji kilichotajwa katika rekodi yake ya ndoa. Wimbi la 13 Aprili 1940 lilikuwa la familia za waliokamatwa, na hao mara nyingi ni wenyeji, kwa hiyo parokia ya mahali walipotolewa ndiyo ya kufungua kwanza.